Mbao ya Sabuni

Kwa msomaji asiye Mkenya: mbao ninayoizungumzia hapa haimhusu seremala. Ni shilingi 20. Ndivyo tulivyoiita shuleni, na ndivyo utakavyoisikia ikiitwa hadi leo ndani ya matatu. Julai 2008 nilitoa mbao moja mfukoni nikampa mtu, na katika hela zote zilizowahi kunitoka, zikiwemo nilizotapeliwa, hiyo ndiyo ninayoikumbuka zaidi.

Nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wavulana, upande wa mashariki mwa nchi. Jina la shule nitaliacha. Nchi ilikuwa imetoka kwenye machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, muhula wa kwanza ulikuwa umevurugika, na ulipofika muhula wa pili shule zikaanza kugoma. Moja, kumi, mwisho mamia. Mpishi wetu alikuwa na redio jikoni. Saa moja jioni, tukiwa kwenye foleni ya githeri, yaani mahindi na maharagwe, na sahani zetu, tuliisikia taarifa ya habari: bweni la shule fulani limeteketea, wanafunzi wa shule fulani wamerudishwa nyumbani. Watu walishangilia kana kwamba wanasomewa matokeo ya mpira. Halafu ikaanza kusikika, kwanza kwa mzaha, sauti ya mtu nyuma kwenye foleni: "Na sisi je?"

Ukiniuliza leo tulikuwa tunagomea nini, sina jibu la kukutosheleza. Wa kidato cha nne walikuwa wanauogopa mtihani wa mwigo, ule wa kujipima kabla ya mtihani wa taifa (Profesa Sam Ongeri, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alikuja kuipiga marufuku mitihani hiyo moto ulipokwisha kuenea). Maharagwe yalikuwa na wadudu, lakini yalikuwa nao tangu nifike. Filamu ya Jumamosi ilikuwa imefutwa. Nadhani ukweli ni kwamba shule jirani ilikuwa imegoma wiki iliyotangulia, na kila tulipokutana nao sokoni walitutazama kama watoto.

Mchango ulianza Jumatatu, kwenye kamba za kuanikia nguo. Aliyekuwa akiukusanya ni nahodha wa voliboli, mtu wa kidato cha nne ambaye mpaka siku hiyo hakuwahi kunisemesha. Alikuwa na daftari lenye majina ya bweni zima, na mbele ya kila jina tiki.

"Toa mbao."

"Ya nini?"

"Ya shughuli."

Nilijua ni shughuli gani. Asubuhi hiyo mono mmoja, yaani wa kidato cha kwanza, alikuwa ameuliza kwa sauti kama kituo cha mafuta cha sokoni humuuzia mtu petroli kwenye mtungi wa plastiki, akazabwa kofi kabla hajamaliza swali. Kwa hiyo siwezi kusema nilidanganywa. Wala sikutishwa. Nahodha alilishika daftari kwa namna ambayo macho yangu yangeliona tu, tiki baada ya tiki kwenda chini, kisha jina langu, na mbele yake patupu. Hapo patupu ndipo paliponishinda. Nilitoa hela upesi, kama mtu anayefunga zipu aliyosahau kuifunga.

Kitanda changu kilikuwa cha juu. Cha chini yake alilala Maruge. Hilo halikuwa jina lake. Mwaka 2004 mzee Kimani Maruge wa Eldoret alijiunga na darasa la kwanza akiwa na miaka 84, na picha zake akiwa na kaptula na soksi ndefu zikazunguka dunia. Tangu hapo, kwetu, kila mwanafunzi aliyepita umri akawa Maruge. Huyu wetu aliacha shule darasa la tano kwa kukosa karo, akachunga mbuzi wa watu, na Januari 2003 serikali ilipofuta karo ya shule za msingi akarudi darasa la sita akiwa ameanza kuota ndevu. Kidato cha tatu alikuwa na miaka kama 20. Hakuwa mwanafunzi hodari. Alisoma kama mtu anayelima: polepole, mstari kwa mstari, bila kuinua kichwa.

Daftari lilimfikia usiku ule ule. Nilikuwa juu yake, nikasikia kila neno.

"Mzee, toa mbao."

"Mbao yangu ni ya sabuni."

"Sabuni utanunua siku nyingine."

"Kesho nafua."

Bweni likacheka. Hata nahodha akacheka, akaenda zake. Jumanne akarudi: "Umeshafua?" Maruge akamwambia zimebaki shuka. Watu wakacheka tena, ila kidogo. Jumatano hakuna aliyecheka. Nahodha akainama hadi usoni pake akamwambia wanajua anataka kuwauza kwa deputi, yaani naibu wa mwalimu mkuu. Maruge akafikiri kidogo, akasema, "Ningekuwa nimewauza, si ningekuwa na hela ya sabuni?"

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi kwa sababu hayana mahubiri ndani yake. Hakusema mgomo ni mbaya. Hakutuita wapumbavu. Alikuwa na shilingi 20, na shilingi hizo zilikuwa na kazi. Nimewahi kusikia vijana wakihimizwa makanisani na kwenye semina wakatae kwa ujasiri, wasimame waseme hapana. Sijui ni wangapi wanaoweza. Kwa kijana wa miaka 17, hapana ni neno zito mno kulibeba mbele ya watu 60. Sabuni inabebeka.

Sasa usiku wenyewe, Alhamisi.

Hakuna mtu wa upande wetu asiyeijua habari ya shule ya Kyanguli. Machi 2001, huko Machakos, petroli ilimwagwa usiku kwenye bweni wavulana wakiwa wamelala, likawashwa moto, wakafa 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Madirisha yalikuwa na vyuma. Wengi wao hawakuweza kutambuliwa wakazikwa pamoja, palepale shuleni. Nilikuwa darasa la nne. Ninachokumbuka ni mama kuizima redio na kwenda kusimama nje, akiwa bado ameshika mwiko. Bweni letu la 2008 nalo lilikuwa na mlango wa nyuma uliofungwa kwa kufuli, na madirisha yenye vyuma. Tulikuwa tunayajua hayo yote. Pale kwenye kamba za nguo mtu mmoja alilitaja jina hilo, Kyanguli, na mwingine akamjibu "kifo cha wengi harusi", na nikacheka pamoja na wengine.

Mpango ulikuwa filimbi ikilia saa nane usiku, kila mtu atoke na blanketi lake tu, bweni libaki tupu, kisha liwashwe. Tupu. Walilirudia sana neno hilo, na nadhani lilitusaidia kulala siku zile.

Filimbi ikalia. Vitanda vikaanza kulia, nyayo, watu wakinong'onezana kwa hasira. Nikashuka, nikajifunga blanketi, nikafuata mgongo wa aliyekuwa mbele yangu hadi karibu na mlango. Hapo nikageuka. Maruge alikuwa amelala, ameelekea ukutani, blanketi limefika sikioni.

Ningependa kuandika kwamba niliwakumbuka wale 67. Nilikumbuka viatu. Mama alikuwa amenunua viatu vipya mwezi wa tano, navyo vilikuwa chini ya kitanda, na nikawaza nitamwambia nini. Nikarudi kuvichukua. Nilipoinama uso wangu ukawa karibu na wa Maruge, maana sasa alikuwa amegeuka, na macho yake yalikuwa wazi. Hakusema kitu. Nami sikusema. Nikavichukua viatu, nikapanda navyo juu, nikalala chali navyo kifuani. Hatua hiyo moja, ya kupanda badala ya kutoka, sijawahi kuielewa hadi leo. Hakuna wazo lililoitangulia.

Akarudi mono mmoja akilia. Wakarudi ndugu wawili waliolala karibu na stoo. Wakaja wengine, sikuwaona, nilisikia tu vitanda. Nahodha alipoingia na tochi na mtungi, tulikuwa saba. Alimulika kitanda kimoja baada ya kingine. Harufu ya petroli ilifika kabla yake.

"Tokeni."

Kimya.

"Nitawasha. Mnanisikia? Nitawasha."

Sauti ya Maruge ikatoka chini yangu, nzito, ya mtu aliyeamshwa vibaya: "Zima hiyo tochi, watu wamelala."

Nahodha akasimama hapo. Kwa kipimo changu cha usiku ule ilikuwa nusu saa. Huenda ilikuwa nusu dakika. Akazima tochi. Mtungi ulikutwa asubuhi shambani, kwenye mahindi, umejaa.

Usifikiri mgomo uliishia hapo. Waliokuwa nje walivunja madirisha ya ofisi yote, wakavunja stoo na kubeba mikate, wakaupindua ubao wa matangazo. Polisi walifika alfajiri. Tulitumwa nyumbani, tukarudishwa baada ya wiki tatu, kila mmoja na mzazi wake.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye jambo lililonifanya niandike haya.

Kila mwanafunzi alitakiwa aandike taarifa yake. Niliandika: "Sikuchanga chochote. Sikutoka bwenini." Sentensi ya kwanza ni uongo, na ya pili inategemea unauhesabu mlango kuwa wapi. Deputi aliisoma mbele ya wazazi, akaniweka mkono begani, akasema kama kila bweni lingekuwa na kijana jasiri kama huyu shule isingefikia hapa. Mama alilia. Kisha akaitwa Maruge. Yeye aliandika mstari mmoja tu, kwamba alikuwa amelala. Walimuuliza ni nani aliyekuwa na mtungi. Akasema palikuwa na giza. Wakamwambia yeye ni mtu mzima, ana ndevu, hakuna jambo la bweni lile ambalo lingepangwa bila yeye kujua. Wakamwongezea wiki mbili nyumbani.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Mbao yangu iko kwenye daftari lisilojulikana liliko. Mbao yake ilikwisha kuwa povu. Lilihitajika neno moja kutoka kwangu, mchana, mbele ya watu waliovaa tai, na wala si neno la kumtaja mtu: lilikuwa la kunitaja mimi. Sikulisema. Usiku ule wa petroli nilikuwa na blanketi na giza. Pale ofisini palikuwa na mwanga wa kutosha.

Hasara iligawanywa kwa vichwa, shilingi 2,650 kila mwanafunzi, aliyerusha jiwe na asiyerusha. Mama yake Maruge alizitoa kwenye fundo la leso, noti ndogo ndogo, akazihesabu mara mbili. Nilimwamkia. Akaniitikia vizuri, akaniuliza kama mimi ndiye ninayelala juu ya mwanawe.

Muhula wa tatu ulikuwa mrefu. Wale saba tuliitwa wasaliti, magodoro yetu yalimwagiwa maji, na bwaloni meza yetu ilijulikana. Sitaki kulikuza hilo. Ukishakuwa na watu sita wengine kwenye meza, chai ya rangi ni chai ya rangi.

Nilisomea ualimu. Mwaka wa pili chuoni, katika somo la saikolojia, mhadhiri akatuonyesha majaribio ya Solomon Asch, mwanasaikolojia wa Marekani, ya miaka ya 1950. Mtu anaonyeshwa mstari mmoja, kisha mitatu, anaulizwa ni upi kati ya hiyo mitatu unaolingana na ule wa kwanza. Mtoto mdogo angeweza. Lakini chumba kizima kimepangwa: wengine wote ni watu wa Asch, na wote wanataja mstari usio sahihi, kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, mpaka zamu yake. Karibu theluthi ya majibu yalifuata kosa la wengi. Darasa likacheka, kama watu wanavyocheka wakijua wao wangejibu sawasawa. Mimi niliandika kitu kingine kwenye daftari, ambacho mhadhiri alikipita haraka: Asch alipomweka mtu mmoja tu chumbani wa kutaja mstari sahihi, makosa yale yalishuka hadi kama moja kwa ishirini. Mtu mmoja. Hakuhitajika awe msemaji wala kiongozi. Alihitajika aonekane.

Miaka michache baadaye, kwenye harusi, nilikaa meza moja na mtu tuliyekuwa naye bwenini, kitanda cha karibu na mlango, ambaye jina lake lilikuwa juu ya langu kwenye daftari la nahodha. Bia zikafika, zikafika tena, tukafika 2008. Nikamwambia bado inaniuma ile mbao. Akanitazama. "Kwani wewe ulitoa?" Yeye hakutoa hata senti. Alisema nahodha aliwawekea tiki marafiki zake wote kabla hajaanza kuzunguka, ili sisi wengine tuzione. Sijui ni tiki ngapi zilikuwa za kweli. Inawezekana, na nimelipima hili kwa miaka, kwamba nilipolitazama daftari lile nikaona bweni zima, bweni zima lilikuwa ni watu kumi na mimi. Wahenga wanasema wengi wape, usipowapa watapokonya. Hawakutuambia tuwahesabu kwanza.

Sasa mimi ndiye mwalimu wa zamu. Novemba 2021, mabweni yalipoanza kuungua tena sehemu mbalimbali za nchi, nililala shuleni siku zote zile. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa 2008 hiyo hiyo unataka milango ya bweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, na kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2. Nilipima kwa futi ya fundi. Nilimsumbua mwalimu mkuu kuhusu kufuli moja hadi akanipa ufunguo akaniambia nikae nao. Lakini kilichonisaidia zaidi wiki ile ni kuwaambia wavulana, asubuhi kwenye gwaride, habari ya tiki za uongo. Sikuwaambia wawe jasiri. Niliwaambia mtu akija na daftari, ulizeni wale walio juu ya jina lenu, mmoja mmoja, kama kweli wametoa. Niliona nyuso kadhaa zikigeuka kuangaliana. Pengine hawakuwa na daftari lolote. Pengine walikuwa nalo.

Maruge nilikutana naye Desemba 2022 kwenye stendi ya mabasi iitwayo Machakos, jijini Nairobi, katikati ya msongamano wa watu wanaokwenda nyumbani Krismasi. Ni afisa wa mifugo. Anatibu mbuzi, safari hii wa watu lakini kwa mshahara. Ndevu zina mvi. Tulisimama kando ya mkokoteni wa ndizi, na kwa kuwa gari lake lilikuwa linakaribia kujaa nilimwambia yote kwa mpigo: mbao, taarifa niliyoandika, mkono wa deputi begani, wiki zake mbili. Alisikiliza akimenya ndizi.

"Zile wiki mbili nilipanda ndengu," alisema. "Zilizaa vizuri."

Nikamwambia yeye ndiye aliyenirudisha kitandani usiku ule. Kama asingekuwa amelala pale, ningetoka.

Akacheka mpaka akashika mkokoteni. "Nani alikuwa amelala? Nilikuwa nimeshavaa viatu, chini ya blanketi. Nilikuwa nangoja pale mlangoni papungue watu nitoke. Mara nakuona unarudi, unachukua viatu, unapanda navyo kitandani. Nikajiuliza, huyu ana nini? Nikavua."

Sijui kama ndivyo ilivyokuwa. Ni mtu wa kumpa mwenzake kitu njiani akienda zake, hasa kitu asichokihitaji yeye. Nilikuwa natafuta namna ya kumuuliza, lakini kondakta alikuwa anapiga bati, "Kitui, Kitui, mmoja!", na yeye ndiye aliyekuwa huyo mmoja. Alipokaa akafungua kidirisha.

"Na vile viatu? Vilikwenda hadi lini?"

Nikamwambia vilitoboka kidato cha nne, karibu na mtihani, cha kulia kikiwa cha kwanza.